UBONGO UNAJIBU MWANGA: NAMNA YA KUPIMA JIBU LAKE



Leo sisi wa Klubu ya Sayansi tunawaletea somo juu ya jicho na ubongo. Hatukulichagua kwa kupenda tu. Tuko na deni.

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa darasa alianza kusema kwamba haoni vizuri kwa jicho la kuume. Alisema ubao uko kama ndani ya moshi, na wino mwekundu wa mwalimu unafanana na nguo iliyofuliwa mara nyingi. Tena jicho lilimuuma kila alipoligeuza. Sisi tulimwangalia: jicho safi, halina wekundu, halina machozi. Na intero ya hesabu ilikuwa karibu. Basi tukasema, "Huyu anajifanya. Anakimbia intero." Wengine wakampa jina la mzaha. Hatusemi "wao walicheka". Tulicheka sisi.

Kisha mama yake mkubwa alikuja kumchukua, akampeleka kwa munganga wa macho kule mjini. Munganga hakukuta ubaya wowote mbele ya jicho. Lakini alitwaa tochi ndogo, akaangaza jicho la kushoto, mboni zote mbili zikajikaza. Akahamisha tochi haraka kwa jicho la kuume: mboni hazikubaki zimejikaza, zilianza kufunguka, kama vile mwanga umepunguzwa. Akarudia mara nyingi, jibu lile lile. Akasema, "Jicho lenyewe ni zima. Ile kamba inayotoka jichoni kwenda ubongoni ndiyo inagonjwa. Mtoto hasemi uongo." Nyuma ya majuma kadhaa, mwenzetu akaanza kuona tena vizuri.

Tulipopata habari hiyo tulisikia haya sana. Tukamwendea kuomba radhi. Kisha tukamwuliza mwalimu wetu wa bioloji: Je, hakuna namna ya kuuliza ubongo wenyewe kama umeona, bila kungoja kinywa kiseme? Alijibu: "Iko. Itafuteni, muwaandikie wenzenu." Hii ndiyo tuliyoikuta.

1. NJIA YA MWANGA

Watu wengi wanafikiri kwamba jicho ndilo linaona. Si hivyo kabisa. Jicho linapokea mwanga tu. Nyuma, ndani ya jicho, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Retina inageuza mwanga kuwa habari za umeme. Habari hizo zinapita katika mshipa wa fahamu wa jicho, ndiyo ile kamba munganga aliyoitaja. Ndani ya kamba hiyo kuna nyuzi karibu milioni 1, na karibu kila uzi umevikwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Ganda hilo linafanya habari zikimbie. Likiharibika, habari zinachelewa, ao hazifiki.

Kamba mbili, ya jicho la kuume na ya jicho la kushoto, zinakutana chini ya ubongo. Hapo karibu nusu ya nyuzi zinavuka upande mwingine. Kwa hiyo kila kitu kilicho upande wako wa kushoto, macho yote mawili yanakipeleka kwa ubongo wa kuume, na vile vile kinyume chake. Mwisho wa safari uko nyuma kabisa ya kichwa, kwenye kisogo. Ni ajabu: macho yako mbele, lakini mahali pa kwanza pa kuonea katika ganda la ubongo pako nyuma.

2. UMEME NDANI YA KICHWA

Mwaka 1875 munganga mmoja wa Liverpool, Uingereza, jina lake Richard Caton, alitoa habari kwamba juu ya ubongo wa sungura na wa nyani kuna umeme mdogo sana. Aliona tena kwamba umeme huo unabadilika mwanga unapoangaza jicho la mnyama. Hapo ndipo somo letu linaanzia.

Kwa mtu ilingojewa miaka karibu 50. Hans Berger, munganga wa Jena, Ujerumani, aliandika kwa mashini umeme wa ubongo wa mtu mwaka 1924. Alitangaza habari hiyo mwaka 1929 tu. Aliona mawimbi yanayopanda na kushuka mara 10 hivi kwa sekunde, mtu akiwa ametulia na kufumba macho. Akifumbua macho, mawimbi hayo yanapungua. Wataalamu wengi hawakumwamini. Mwaka 1934 Adrian na Matthews wa Cambridge walirudia kazi yake, wakakuta ni kweli. Tena walionyesha kwamba mwanga ukiwakawaka mbele ya macho, mawimbi ya ubongo yanaweza kufuata mwendo wa mwanga huo.

Umeme huo ni mdogo namna gani? Pili moja ya radio iko na volti 1.5. Gawanya volti moja mara milioni: sehemu moja inaitwa mikrovolti. Jibu la ubongo kwa picha moja, likipimwa juu ya ngozi, ni mikrovolti 10 hivi. Fanyeni hesabu: pili yenu ya radio inalizidi mara 150,000.

3. SAUTI NDOGO CHINI YA MVUA

Hapa shida inaanza. Ubongo haufanyi kazi moja tu. Wakati unajibu mwanga, unashika pia mwili usianguke, unasikia kelele, unawaza chakula cha saa sita. Mambo hayo yote yana umeme wake, na pengine unafika mikrovolti 50. Jibu la mikrovolti 10 linafunikwa. Ni kama mtu anapiga mlango kwa kidole, na mvua kubwa inapiga juu ya manjanja ya nyumba. Mlango unapigwa kweli, lakini nani atasikia?

George Dawson, mtaalamu wa London, alipata dawa ya shida hiyo. Mwaka 1951 alionyesha wenzake mashini yenye kujumlisha. Wazo lake ni rahisi: usisikilize mara moja, sikiliza mara nyingi, kisha tafuta wastani, ile tunayoita mwayeni wakati wa kuhesabu pwe zetu. Jibu la ubongo linakuja kila mara kwa saa ile ile, nyuma ya picha. Kelele haina saa: mara iko juu, mara iko chini. Ukijumlisha, jibu linajiongeza, lakini kelele zinauana zenyewe kwa zenyewe.

Sisi hatukuridhika na maneno tu. Tulijaribu kwa karatasi. Ninyi pia mnaweza. Tieni katika kofia karatasi mbili, moja imeandikwa +20, nyingine -20. Hizo ni kelele. Jibu la kweli ni 10, halibadiliki. Toa karatasi moja bila kutazama, ongeza 10, andika, rudisha karatasi, tikisa kofia, endelea.

Mara 4 za kwanza tulipata +20, -20, +20, +20. Pamoja na 10 kila mara, ni 30, -10, 30 na 30. Jumla 80, mwayeni 20. Tumekosa kabisa, kwa sababu jibu la kweli ni 10.

Tulipofika mara 16, karatasi ya +20 ilikuwa imetoka mara 9, ya -20 mara 7. Jumla yote ni 200, mwayeni 12.5. Tumekaribia.

Tulipofika mara 100 (mikono ilichoka, na karani wetu alilalamika), +20 ilitoka mara 52 na -20 mara 48. Jumla 1,080, mwayeni 10.8. Kumbe, ile 10 iliyofichwa imetokea!

Sheria yake ni hii: kelele inapungua kufatana na kipeuo cha pili cha hesabu ya marudio. Ukirudia mara 4, kelele inabaki nusu. Ukirudia mara 100, inabaki sehemu moja ya 10. Kelele ya mikrovolti 50 inakuwa 5, na jibu la 10 linaonekana. Leo ordinateri inafanya kazi hiyo upesi, lakini hesabu ni ile ile ya kofia yetu.

4. KIPIMO KINAVYOFANYWA

Mgonjwa anakaa juu ya kiti, metre 1 mbele ya kiyo cha televisheni. Mfanyakazi anasafisha ngozi ya kichwa na kubandika elektrodi ndogo kwa dawa nzito yenye chumvi, ili umeme upite vizuri. Hakuna sindano ya kuingia ubongoni, na hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Mashini inasikiliza tu.

Elektrodi kubwa ya kazi iko nyuma. Wekeni kidole kwenye kisogo: mtasikia mfupa mdogo uliojitokeza. Pimeni kwa kamba tangu shina la pua, katikati ya macho, kupita juu ya utosi, mpaka mfupa huo. Ikiwa ni santimetre 36, elektrodi inawekwa juu ya mfupa kwa sehemu 10 kwa 100 za urefu huo, ndiyo santimetre 3.6. Elektrodi ya pili, ya kulinganisha, inawekwa mbele ya kichwa, na ya tatu mahali pengine kwa kupunguza kelele. Wanapima kwa sehemu za mia kwa sababu vichwa havilingani.

Juu ya kiyo kuna picha kama ubao wa mchezo wa dama: nyeusi na nyeupe. Kila kimraba kikubwa kiko na upana wa digri 1. Kwa umbali wa metre 1 ni milimetre 17 hivi. Mara 2 kila sekunde vimraba vinageuka: nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi. Mwanga wote kwa jumla hauongezeki wala haupungui. Paka mpango wa picha unabadilika. Mgonjwa anakazia macho alama ndogo iliyo katikati. Jicho moja linafunikwa, lingine linapimwa, kisha wanabadilisha. Mageuzi 100 ni sekunde 50 tu. Lakini wanarudia kipimo kizima angalau mara 2, waone kama jibu la kwanza na la pili linafanana. Jibu lisilorudi si jibu la kutumainiwa.

Mwenye miwani anavaa miwani yake. Bila hiyo vimraba vinachanganyikana, na wimbi linapungua, ingawa mshipa ni mzima.

5. WIMBI LA 100

Nyuma ya kujumlisha, karatasi inaonyesha wimbi. Kwanza linashuka kidogo, karibu milisekunde 75 nyuma ya picha kugeuka. Kisha linapanda juu: ni kilele kikubwa, karibu milisekunde 100, ndiyo sehemu moja ya 10 ya sekunde. Kisha linashuka tena, karibu milisekunde 135. Kilele cha 100 ndicho waganga wanachotafuta zaidi. Kila laboratwari inapashwa kupima watu wazima wa afya kwanza, ili ijue kilele kinakuja saa gani kwa mashini yake yenyewe.

Mwaka 1972, huko London, Halliday, McDonald na Mushin walitangaza jambo kubwa. Walipima watu waliopata uvimbe wa mshipa wa jicho, ugonjwa kama ule wa mwenzetu. Walikuta kwamba kwa jicho lililogonjwa kilele kinachelewa, mara nyingi kwa milisekunde 30 hivi ao zaidi. Na jambo la kushangaza: hata mgonjwa alipopona na kusoma herufi vizuri, mara nyingi ucheleweshaji ulibaki. Ganda la nyuzi lilikuwa limeacha alama yake. Mwaka 1973 walionyesha kwamba kipimo hicho kinasaidia kutambua ugonjwa unaoharibu maganda ya nyuzi mahali pengi katika ubongo na uti wa mgongo. Pengine jicho la mtu halijawahi kumsumbua, lakini wimbi lake limechelewa.

Angalieni sasa. Munganga wa mjini alitumia tochi tu, na ilitosha. Mashini kubwa si mwanzo wa hekima. Lakini tochi na mashini zinasema neno moja: jicho linaweza kuwa safi kwa nje, na mwenye jicho akawa anasema kweli.

6. MAMBO AMBAYO KIPIMO HAKISEMI

Tusidanganyane. Wengine wakisikia "umeme wa ubongo" wanafikiri mashini inasoma mawazo. Hapana. Haijui kama mtu anapenda ao anachukia, ana akili nyingi ao kidogo. Inajibu ulizo moja: je, habari ya picha imefika nyuma ya kichwa, na imechukua muda gani?

Tena iko na mipaka. Kilele kilichochelewa hakitaji jina la ugonjwa. Magonjwa mengi yanaweza kukichelewesha. Mtu akisinzia, ao asipokazia macho alama ya katikati, wimbi linaharibika. Kwa hiyo wimbi zuri ni ushuhuda wenye nguvu kwamba njia iko wazi. Lakini wimbi baya peke yake halitoshi: munganga anapashwa kuchunguza zaidi.

Faida yake kubwa ni kwa wale wasioweza kujieleza. Mtoto mchanga hawezi kusema "ninaona". Kwake kipimo kinaweza kujibu kidogo mahali pa kinywa.

7. KATIKA NCHI YETU

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya Wazungu." Sivyo. Katika nchi yetu, kule Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Kwa Kiyaka jina hilo lina maana ya miguu iliyofungwa. Munganga Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Unashika watu waliokula kwa muda muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila chakula kingine cha kujenga mwili kama samaki, nyama ao maharage. Sumu ya sianidi inabaki ndani. Mtu anaweza kulala mzima, akaamka miguu imekazika, na haifunguki tena. Hauambukizi.

Mwaka 2003 waganga wa kwetu na wenzao wa ng'ambo walitangaza kwamba walipima wagonjwa wa konzo kwa kipimo hiki cha wimbi. Kwa baadhi yao walikuta wimbi limechelewa ao limepungua. Maana yake, konzo haigusi miguu peke yake. Inaweza kugusa pia njia ya kuona. Dawa ya kwanza iko mikononi mwa wale wanaotayarisha chakula: kuloweka muhogo mchungu siku zote zinazohitajiwa, siyo kukatisha sababu ya njaa ao ya soko, na kuongeza maharage sahanini.

Jambo la pili. Kati ya dawa za kifua kikuu kuna moja, etambutoli, ambayo kwa watu wachache inaweza kudhuru mshipa wa jicho. Anayeitumia akiona rangi nyekundu ao kijani imefifia, aende upesi kwa munganga ao kwa infirmie amwambie. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala kwa shauri letu. Munganga ndiye ataamua.

8. JARIBIO LISILOHITAJI MASHINI

Mashini hatuna. Lakini tunaweza kuona kwa macho yetu kwamba habari ikichelewa kutoka jicho moja, dunia inabadilika. Mjerumani Carl Pulfrich alieleza jambo hili mwaka 1922. Yeye mwenyewe alikuwa kipofu wa jicho moja, kwa hiyo hakuweza kuliona!

Fungeni jiwe dogo kwenye uzi wa metre 1, mtu mmoja alishike juu, alitikise liende kuume na kushoto, siyo mbele na nyuma. Simameni metre 2 hivi mbele yake, macho yote mawili wazi. Mtaona jiwe linakwenda na kurudi katika mstari. Sasa wekeni kiyo kimoja cha miwani ya jua mbele ya jicho moja tu, jicho lingine libaki wazi. Jiwe litaonekana kama linazunguka: mara linawakaribia, mara linakwenda mbali! Jiwe halikubadilisha njia. Kiyo cheusi kimepunguza mwanga, na mwanga mdogo unachelewesha habari ya jicho hilo. Ubongo unapokea habari mbili za saa mbili mbalimbali, na kwa kuziunganisha unatengeneza mzunguko usiokuwapo. Hapana kutazama jua, hata kwa miwani.

Watu waliopata uvimbe wa mshipa wa jicho moja, pengine wanaona hivyo bila miwani yoyote. Tulipofanya jaribio hili kwenye baraza ya darasa, mwenzetu alikuwapo. Alitazama jiwe bila kiyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwangu linazunguka hata sasa." Tulinyamaza sisi wote. Karibu mwaka mzima alikuwa anaona hivyo kwenye uwanja wa mpira, na tulikuwa tukimwita mzembe kila mpira ulipompita.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, mwenzako akisema "sioni", usianze kwa kucheka. Mpishe kwenye benchi la mbele, mwonyeshe daftari lako, mpeleke kwa mwalimu. Maumivu ya jicho yenye kupunguza kuona si ya kungojea: ni ya kwenda kwa munganga siku hiyo hiyo. Kutambua kama ni uongo ao ugonjwa si kazi yetu. Iko tochi, iko mashini, iko watu waliosomea kazi hiyo.

Deni letu hatujui kama limelipwa. Lakini tumeanza kulipa.

MAULIZO YA KUJIPIMA
1. Mahali pa kwanza pa kuonea katika ganda la ubongo pako sehemu gani ya kichwa?
2. Kelele ni mikrovolti 40. Ukirudia picha mara 64, itabaki mikrovolti ngapi?
3. Vimraba vinageuka mara 2 kwa sekunde. Mageuzi 64 yatachukua sekunde ngapi?
4. Juu ya nini mgonjwa anapimwa akivaa miwani yake?
5. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya "wimbi limepungua" na "wimbi limechelewa".

Majibu ya ulizo la 2 na la 3: mikrovolti 5, sekunde 32. Mengine mtayakuta mkisoma tena somo.

Klubu ya Sayansi